Miji ya Ulaya hushirikiana vipi, na Lamu na Malindi zichukue lipi kwao?

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na pwani nzima. Nimekuwa nikifuatilia namna miji na mikoa ya Ulaya inavyoshirikiana katika mipango ya maendeleo yake, na nina swali ambalo ningependa wenye ujuzi wanisaidie, kwa sababu naamini linatugusa moja kwa moja.

Kule kuna mpango uitwao Interreg, ulioanza 1990, ambao huwaunganisha watu wa pande mbili za mpaka wa nchi, na mwingine uitwao URBACT, ulioanza 2002, ambao kazi yake ni kuikutanisha miji yenye tatizo la aina moja ili ifundishane. Kuna pia Eurocities, jumuiya iliyoundwa 1986 na miji sita, yaani Barcelona, Birmingham, Frankfurt, Lyon, Milan na Rotterdam, na ambayo leo ina wanachama zaidi ya 200. Kilichonivutia zaidi ni kwamba Dubrovnik, mji wa kale wa mawe ulioko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979, ulikaa katika mtandao mmoja na Genoa na Venice kutafuta namna ya kupokea watalii bila kuwafukuza wenyeji. Nikisoma habari hizo naiona Lamu. Mji wetu uliingia katika orodha hiyo 2001, na tangu hapo nyumba za Mkomani na Shela zimepanda bei kiasi kwamba kijana aliyezaliwa humo akitaka kuoa hutafuta kiwanja katika mitaa ya Wiyoni au Kashmir, hapa hapa Lamu.

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayounganisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na kupitia kwayo ulizinduliwa mradi wa uchumi wa bahari wa Go Blue mwaka 2021 kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo siulizi kama tushirikiane au tusishirikiane. Nauliza hivi: ni nini hasa kinachoufanya ushirikiano wa miji ya Ulaya ufike mtaani, kwa mvuvi na kwa mwenye punda wa kubebea mchanga, usiishie katika kumbi za mikutano? Ni fedha, ni sheria, au ni desturi ya kazi? Na katika hayo, lipi tunaloweza kulianza wenyewe bila kungoja mfadhili?

Mpangaji miji, Malindi

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni zito nami nitalijibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya.

Fedha zipo, tena nyingi. Interreg ya kipindi cha 2021 hadi 2027 ina takriban yuro bilioni 10, na kanuni za Mfuko wa Maendeleo ya Kanda wa Ulaya zinaitaka kila nchi kuelekeza angalau asilimia 8 ya fungu lake katika maendeleo endelevu ya miji. Lakini ukitazama fedha hizo peke yake utakosea njia, kwa sababu siri iko katika namna zinavyotoka. Mshirika wa mradi hutumia kwanza fedha zake, hukusanya risiti, mkaguzi huzipitia moja moja, ndipo anaporudishiwa. Tena harudishiwi zote: katika Interreg mchango wa mfuko kwa kawaida hauvuki asilimia 80, na zilizobaki lazima zitoke kwake. Baraza la mji lililotia fedha za walipa kodi wake halikubali kupeleka maofisa kutembea tu, kwa maana madiwani watauliza zimeleta nini. Kwetu mara nyingi tunaingia katika miradi bila kutoa senti, na ndiyo maana hakuna anayeumia mradi ukifa.

La pili ni masharti ya URBACT. Mji ukikubaliwa katika mtandao unalazimika kuunda kikundi cha wenyeji, chenye maofisa wa idara mbalimbali, wafanyabiashara, walimu, vyama vya wakaazi na yeyote anayeguswa na jambo lenyewe, na kikundi hicho ndicho kinachoandika mpango wa utekelezaji. Anayesafiri kwenda kujifunza katika mji mwingine anarudi kuripoti kwa kikundi hicho.

Nitoe mfano mmoja kwa kina, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi. Mouans-Sartoux ni mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, karibu na Cannes, wenye wakaazi wapatao elfu kumi. Uliamua kwamba watoto wa shule zake wale chakula kilicholimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, na kufikia 2012 chakula chote cha shuleni kilikuwa cha aina hiyo. Ardhi katika eneo lile inatamaniwa sana na wajenzi wa nyumba za kifahari, lakini manispaa ilitenga shamba lake yenyewe na kuajiri wakulima kama inavyoajiri makarani. Kisha likaja swali la gharama, maana chakula hicho ni ghali. Walichofanya ni kupima kwenye mizani mabaki ya sahani za watoto baada ya kila mlo, wakagundua ni kiasi gani kinatupwa, wakaanza kumpa kila mtoto nafasi ya kuchagua sahani ya njaa ndogo au ya njaa kubwa. Chakula kinachotupwa kilipungua kwa takriban asilimia 80, na akiba iliyopatikana ikafidia bei.

Sasa ndipo ushirikiano unapoingia. Kupitia URBACT, Mouans-Sartoux iliongoza mtandao ulioitwa BioCanteens pamoja na miji kama Troyan ya Bulgaria, Vaslui ya Romania na Torres Vedras ya Ureno. Hakuna aliyeambiwa anakili kila kitu. Kila mji ulitazama ardhi yake, sheria zake za ununuzi na majiko yake, ukachukua kinachowezekana. Mtazame pia ukubwa wa miji hiyo: ni miji midogo ikifundishana na midogo. Sisi tukienda kujifunza huwa tunapelekwa katika majiji makubwa, tunastaajabu reli na maghorofa, tunarudi bila kitu cha kutia katika bajeti ya Malindi.

Kuna aina nyingine ya ushirikiano ambayo ni ya ndani zaidi, nayo ni kumiliki kitu pamoja. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2006 inayoziruhusu mamlaka za nchi tofauti kuunda chombo kimoja chenye uwezo wa kisheria wa kuajiri, kununua na kushtakiwa. Katika milima ya Pirenei kuna uwanda wa Cerdanya, ambao mpaka wa Ufaransa na Uhispania umeupasua katikati. Watu wa upande wa Ufaransa walikuwa na safari ndefu ya barabara za milimani kufika hospitali kubwa ya Perpignan, na theluji ikianguka hali ilikuwa ngumu zaidi. Pande mbili zilijenga hospitali moja mjini Puigcerdà, iliyofunguliwa 2014, na gharama za kuiendesha zinagawanywa, asilimia 60 upande wa Katalunya, yaani wa Uhispania, na asilimia 40 upande wa Ufaransa. Wauguzi wanatoka pande zote mbili. Mtu wa Lamu anayejua maana ya kumvusha mgonjwa kwa boti hadi Mokowe, kisha kumtafutia gari la kuendelea hadi Malindi au Mombasa, hahitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Na je, sheria yetu inaruhusu? Inaruhusu waziwazi. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba serikali za kaunti zitashirikiana katika kazi zao, na kwamba kwa ajili hiyo zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Mamlaka ya pamoja maana yake ni chombo chenye meneja, bajeti na hesabu zinazokaguliwa. Lamu, Tana River na Kilifi zikitaka kuwa na huduma moja ya boti na magari ya wagonjwa, au kiwanda kimoja cha kuchakata taka, mlango wa kikatiba uko wazi.

Mwanakikundi cha wanawake, Pate

Kaka mpangaji, ahsante kwa maelezo yako, nimeyasoma yote. Nataka kuongeza jambo ambalo umelipitia kwa haraka, nalo kwangu ndilo kiini: ni nani anayekaa mezani, na anakaa kwa nguvu gani.

Katika maeneo ya mashambani na ya wavuvi ya Ulaya kuna vikundi vya maendeleo vya wenyeji, utaratibu uliozaliwa na mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao LEADER wa 1991. Kanuni za 2014 hadi 2020 ziliweka wazi kwamba wala serikali wala kundi lolote moja lenye maslahi haliwezi kushika zaidi ya asilimia 49 ya kura za maamuzi. Ofisa anaweza kuwa na elimu kubwa na mfanyabiashara anaweza kuwa na mtaji mkubwa, lakini hakuna kati yao anayeweza kuamua bila ya wengine. Wavuvi wana kundi la aina hiyo chini ya mfuko wa uvuvi, na wao wenyewe huchagua kama fedha ziende katika barafu, soko au mafunzo ya vijana. Hapa kwetu tuna BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, katika kila bandari ndogo ya uvuvi, tuna vikundi vya kupanda mikoko, tuna vyama vya wenye punda, lakini tunapoitwa ni kusikiliza jambo lililokwisha kuamuliwa na kutia saini karatasi ya mahudhurio.

Tusisahau kwamba Lamu imekwisha kulipia gharama ya jambo hili mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari wafidiwe shilingi bilioni 1.76, na mojawapo ya makosa iliyoyataja ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa sababu hiyo hiyo. Miaka mingapi ilipotea kwa pande zote, na hasira ngapi zimebaki, kwa jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa mwanzo?

Kushirikishwa kuna mambo madogo ambayo aliye ofisini hayaoni. Mkutano ukiitishwa mjini Lamu saa nne asubuhi, mvuvi yuko baharini, na sisi wa Pate, Siyu na Faza tunategemea maji: boti zinapita mkondo wa Mkanda bahari ikijaa, na ikikauka hakuna safari. Saa ya mkutano ikipangwa bila kutazama maji, kisiwa kizima kimeondolewa katika mazungumzo. Kikundi cha wenyeji cha kweli kingeanza kwa kuwa na kalenda ya bamvua na maji mafu ukutani.

Kuhusu taka, nina mfano ninaoupenda sana. Capannori, mji wa Toscana nchini Italia, ulikuwa wa kwanza Ulaya, mwaka 2007, kujitangazia lengo la kutobakisha taka za kutupwa, na mwendo wake ukafuatwa na manispaa nyingi za Italia na za nchi nyingine. Walianza kwa kukusanya taka nyumba hadi nyumba zikiwa zimetengwa, baada ya kuketi na wakaazi mtaa kwa mtaa. Baadaye wakaanzisha kituo cha utafiti ambacho wafanyakazi wake wanafungua mifuko ya taka zilizobaki, zile zisizoweza kuchakatwa, wanazimwaga na kuzipanga kwa aina ili wajue ni kitu gani bado kinawashinda. Waliposhuhudia wingi wa vikopo vidogo vya kahawa ya mashine, waliwaendea watengenezaji kuzungumza nao. Kazi hiyo ya kufungua mfuko na kutazama kilichomo sisi wanawake wa visiwani tunaiweza leo. Upepo wa kusi ukivuma ufuo unajaa chupa, vifuniko na ndara zilizokatika, na huku huku Lamu ndiko lilikojengwa jahazi la Flipflopi kwa plastiki zilizookotwa, likashushwa majini 2018. Ujuzi wa fundi tunao. Tunachokosa ni manispaa kutukubali kama washirika wenye kura.

Mwalimu mstaafu wa jiografia, Malindi

Nimefurahishwa na mjadala huu, ingawa nina tahadhari. Tusiwatazame Wazungu kana kwamba mambo yao yamenyooka. Baraza la miji na manispaa zao liliundwa 1951, wakati makovu ya vita yangali mabichi, na Kamati ya Mikoa, ambayo kwayo mameya na wakuu wa mikoa hutoa maoni yao kwa Umoja wa Ulaya, ilianza kazi 1994 tu. Ugatuzi wetu umeanza 2013. Si haki kuzipima kaunti zetu kwa kipimo kimoja nao.

Pia, ushirikiano wa miji husimama kwa hisani ya serikali kuu. Copenhagen na Malmö ziliunganishwa kwa daraja la Øresund mwaka 2000, na maelfu ya watu wakawa wanalala Sweden na kufanya kazi Denmark. Januari 2016 Sweden ikaanza kudai vitambulisho vya abiria wanaovuka kuingia kwake, na watu waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya daraja lile wakajikuta wanachelewa kurudi nyumbani kutoka kazini. Meya hakuwa na la kufanya. Kwetu bandari ya Lamu, iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021, iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, na ndivyo ilivyo hifadhi ya bahari ya Malindi. Kaunti zikikubaliana kila kitu baina yao bila kumkalisha mwenye mamlaka hayo, makubaliano yao yatakuwa na mipaka.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalonisumbua kwa miaka mingi kama mtu wa Malindi, na linahitaji ushirikiano mkubwa kuliko wa kaunti sita. Mvua kubwa zikinyesha bara, Mto Sabaki unashuka na udongo mwekundu, na ghuba yetu inageuka rangi ya matofali hadi karibu na matumbawe. Mto huo ni ule ule Athi unaopita pembezoni mwa Nairobi, kisha unaitwa Galana, kisha Sabaki. Tope na taka zinazotufikia zimeanzia katika kaunti ambazo viongozi wake pengine hawajawahi kuuona mdomo wa mto huu. Wenzetu wa mto Rhine walikuwa na tume ya nchi zao tangu 1950, lakini mambo yalikwenda polepole hadi Novemba 1986, ghala la kemikali lilipoungua karibu na Basel na maji ya kuzimia moto yakaingiza sumu mtoni, samaki wakafa kwa mamia ya kilomita. Mwaka uliofuata walikubaliana mpango wenye malengo yanayopimika, mojawapo likiwa kumrejesha samaki aina ya salmoni, na alirejea. Nawasihi wapangaji wetu wasingoje msiba wa namna ile ndipo kaunti za bonde la Athi na za pwani zikae pamoja.

Mpangaji miji, Malindi

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu Sabaki, na hatua ya kwanza si ghali: vituo vichache vya kupima tope, kila kaunti ikipima kwa njia moja na kuchapisha matokeo mahali pamoja. Bila takwimu za pamoja, wa juu atasema tope si lake na wa chini hana ushahidi.

Dada wa Pate, umenisahihisha vizuri. Sheria ya Miji ya 2011 inatambua mabaraza ya wananchi na inatoa nafasi kwa vyama katika kuunda bodi za manispaa, kwa hiyo hatuombi kitu kisichokuwepo. Ningependekeza kikundi cha wenyeji kiundwe kwa jambo moja tu, kwa mfano taka za ufuoni, kiwe na watu wasiozidi ishirini, na kanuni ile ya asilimia 49 iandikwe katika karatasi yake ya kwanza kabla hajachaguliwa mwenyekiti. Vikundi vinavyopewa kazi ya kila kitu huzungumza kila kitu na kufa.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote kwa heshima na kwa kina mlichonipa. Nilipouliza nilidhani jibu litakuwa fedha. Sasa naona kwamba fedha zao zimefungwa na masharti, na kwamba masharti mawili kati ya hayo, yaani mchango wa mwenyewe na kikundi chenye kura, hayahitaji ruhusa ya mtu wa Ulaya.

Nimezungumza na wenzangu wawili wa chama cha wakaazi na mzee mmoja wa BMU ya hapa Langoni. Tunataka kuiandikia bodi ya manispaa barua ya ukurasa mmoja, tukiomba kikundi cha taka za ufuoni kwa mpangilio aliouelezea kaka wa Malindi, na sisi tuahidi mchango wetu: siku za kazi za wanachama, nafasi ya kuhifadhia, na punda wa kubeba kutoka ufuoni hadi mahali pa kuchambulia. Tutaambatanisha maneno ya Kifungu cha 189 ili mlango wa kuungana na Malindi baadaye uwe umetajwa tangu mwanzo.

Nina maombi mawili. Dada wa Pate, tafadhali nieleze ni siku zipi za mwezi huu ambazo boti zenu zinaweza kufika mjini asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, ili tuweke tarehe inayowafaa. Na kaka wa Malindi, kama unayo rasimu yoyote ya kanuni za kikundi cha aina hiyo, hata ikiwa ya kazi nyingine, naomba uiweke hapa ili tuisome pamoja kabla ya kuipeleka.